Kofia ya baridi ya kroshia yenye masikio, kamba na pompomu, kuanzia stichi ya kwanza mpaka kuifua

Haya jamani, leo tunafuma kofia ya baridi, ile inayoshuka mpaka kwenye masikio, ina kamba mbili za kufunga chini ya kidevu, na pompomu tatu (vile vitufe vya nyuzi), moja kubwa juu na mbili ndogo mwisho wa kamba. Wengi wakiiona wanaogopa kwa sababu ina vitu vingi, ila ukiichambua utakuta ni duara linaloongezeka, likifika saizi unaacha kuongeza linashuka chini, halafu unaweka vipande viwili vya pembetatu pembeni, basi. Kinachoangusha watu sio stichi, ni vipimo. Mtu anafuma vizuri kabisa, stichi zimelala safi, kofia ikivaliwa inamziba macho, au inamkaa utosini kama kifuniko cha sufuria na masikio yote yako nje. Na kwenye baridi kali masikio ndiyo yanaumia mapema pamoja na pua na vidole, maana sikio ni ngozi na gegedu tu, halina mafuta ya kulikinga. Kwa hiyo hii kofia tunaifuma kwa ajili ya masikio kwanza, urembo utafuata.

Kabla ya yote chukua tepu, zungusha kichwa cha mvaaji juu ya nyusi na juu kidogo ya masikio, nyuma ipite pale kichwa kilipotokeza. Andika namba. Mtu mzima wengi wanaangukia kati ya sentimita 54 na 59, mtoto wa miaka 3 mpaka 10 ni kama 50 mpaka 53, mtoto wa miezi 6 mpaka mwaka ni kama 43 mpaka 46. Hizo ni za kukusaidia pale mvaaji yuko mbali na huwezi kumpima, lakini kama yuko hapo pima tu, usikisie. Sasa kofia yenyewe lazima iwe ndogo kuliko kichwa kwa sentimita 3 mpaka 5, kwa sababu kroshia inavutika, na kofia isiyobana kidogo upepo unaingia kwa chini na joto lote linatoka. Kichwa cha 56 tunafuma kofia ya 51 au 52.

UZI NA SINDANO

Uzi wa sufu, yaani manyoya ya kondoo, ndiyo bingwa hapa na sina mjadala. Nyuzi za sufu zimejikunja kunja zenyewe kwa hiyo zinashika hewa katikati, na hiyo hewa iliyotulia ndiyo inayokupa joto, uzi wenyewe unaishikilia tu isitembee. Halafu sufu inaweza kunyonya unyevu kama theluthi ya uzito wake na bado hujisikii umelowa, kwa hiyo ukitoka jasho au ikikudondokea theluji bado uko sawa. Kama sufu inamwasha mvaaji tafuta merino, yaani sufu ya kondoo wa merino, nyuzi zake ni nyembamba hazichomi chomi. Akriliki nayo inafaa, ni rahisi kufua, haiwashi, sio bei tu inapungua, hata usumbufu unapungua, na kwa mtoto anayechafua kofia kila siku mimi ningekwambia chukua akriliki bila wasiwasi. Mchanganyiko wa sufu na akriliki uko katikati. Pamba achana nayo kwa kofia hii, inanyonya maji na inakaa nayo, inakuwa nzito, na ikishavutika hairudi vizuri.

Unene wa uzi chukua ule wa kati, kwenye lebo unaandikwa namba 4, na sindano ya kroshia milimita 5. Ukiangalia lebo ya bola la gramu 100 utakuta mita kama 180 mpaka 200, hizo zinatosha kofia ya mtu mzima yenyewe, ila pompomu zinakula uzi kuliko unavyofikiria, kwa hiyo nunua mabola mawili. La pili linaweza kuwa rangi nyingine, ukatumia kwenye pindo, kamba na pompomu, inapendeza sana. Yakiwa rangi moja hakikisha namba ya loti, yaani ya mkupuo uliotiwa rangi pamoja, kwenye lebo zote mbili inafanana, mana rangi inaweza kupishana kidogo tu dukani hujaona, ukishafuma inajionyesha mstari mzima.

Vingine ni mkasi mkali kweli, sindano ya kushonea yenye mdomo butu na tundu kubwa, kipande cha kadibodi, na maka ya stichi, yaani kialama cha kuonyesha raundi inapoanzia, kama huna maka kata uzi wa rangi tofauti, unafanya kazi vile vile.

Jambo moja kuhusu majina, maana linaharibu kazi za watu. Mimi natumia majina ya stichi ya Kimarekani: singo, hafu dabo, dabo. Ukichukua paterni ya Uingereza wao wanachoita dabo ndiyo singo ya hapa, na wanachoita hafu trebo ndiyo hafu dabo ya hapa. Ukichanganya kofia inatoka saizi ya ajabu.

STICHI YENYEWE

Kofia nzima ni hafu dabo. Dabo ni ndefu, ina matundu, upepo unapita. Singo (ingiza sindano, toa uzi, shika uzi tena upitishe kwenye vitanzi vyote viwili) inakaza vizuri lakini inakuwa ngumu na inachukua muda mrefu mno. Hafu dabo iko katikati, nene, laini, imejaza. Unaifuma hivi: zungusha uzi mara moja kwenye sindano, ingiza sindano kwenye stichi ya chini, shika uzi utoe, hapo una vitanzi vitatu kwenye sindano, shika uzi tena upitishe kwenye vyote vitatu kwa mkupuo. Ndio hiyo, imeisha.

Angalia kwa karibu juu ya stichi ukishaifuma. Utaona ile v, uzi wa mbele na uzi wa nyuma, hiyo ndiyo tunaingiza sindano chini yake, zote mbili kwa pamoja. Halafu geuza kazi kidogo uangalie upande wa nyuma, chini ya hiyo v kuna uzi wa tatu umelala. Huo hafu dabo peke yake ndiyo inao, unatokana na ule mzunguko wa kwanza. Usiuingize sindano kwa bahati mbaya, ukiuingiza stichi moja moja ile v inajitokeza mbele na kofia inaonyesha mstari usiotaka. Ila ukifanya makusudi raundi nzima unapata mstari mzuri kama umesukwa, watu wanautumia karibu na pindo kama urembo, na uko huru kujaribu raundi ya mwisho.

Kitanzi cha mwisho kabla ya kupitisha kwenye vyote vitatu, kivute kiwe na nafasi kidogo, usikaze. Watu wanaokaza mikono wanafuma kofia ngumu inayosimama kama kofia ya ujenzi, na kofia ngumu haikai kwenye masikio.

DUARA LA JUU

Tunaanza na ringi ya kuvuta. Zungusha uzi kwenye vidole viwili ufanye duara, ingiza sindano, toa uzi, fuma cheni moja (shika uzi upitishe kwenye kitanzi kilichopo kwenye sindano), halafu fuma hafu dabo 8 ndani ya hilo duara, shika mkia wa uzi vuta mpaka tundu lifunge kabisa. Kama ringi inakusumbua fuma cheni 2 halafu weka hizo hafu dabo 8 kwenye cheni ya kwanza kabisa, kutabaki katundu kadogo, pompomu itakafunika, hakuna atakayejua.

Hatuunganishi raundi, tunazunguka moja kwa moja kama konokono, kwa hiyo hakuna mstari wa mshono unaopinda pinda nyuma. Lakini lazima uweke maka kwenye stichi ya kwanza ya kila raundi na uihamishe kila ukifika, bila hivyo hujui uko wapi.

Raundi ya 2 weka stichi mbili kwenye kila stichi, unapata 16. Raundi ya 3 weka moja, halafu mbili kwenye inayofuata, rudia mpaka mwisho, unapata 24. Raundi ya 4 moja, moja, halafu mbili, unapata 32. Umeshaona inavyokwenda, kila raundi kabla ya kuongeza unapita stichi moja zaidi, na kila raundi inaongezeka 8: raundi ya 5 ni 40, ya 6 ni 48, ya 7 ni 56, ya 8 ni 64, ya 9 ni 72.

Sasa hapa ndipo vipimo vinapoingia na nakuomba usipapite haraka. Hesabu zangu zote zinategemea kwamba kwenye sentimita 10 una stichi 14 kwa upana na raundi 11 kwa urefu. Paterni nyingi zinakwambia ufume kwanza kipande cha mraba upime, ni sawa, ila ufumaji wa kwenda na kurudi hautoki sawa na wa kuzunguka, na kofia tunazunguka. Kwa hiyo tumia duara lenyewe kama kipimo. Ukimaliza raundi ya 5 lilaze mezani, usilivute, pima kutoka upande hadi upande, linatakiwa liwe sentimita 9 hivi. Likiwa 10 na kitu mkono wako umelegea, fumua urudie na sindano ya 4.5. Likiwa 8 umekaza, panda sindano ya 5.5. Kufumua raundi 5 ni dakika chache tu, kufumua kofia nzima ndiyo inauma.

Lilaze mezani pia uangalie linavyokaa. Likilala bapa ni sawa. Likipinda pembeni kama bakuli mapema hivi, ama unakaza ama umeruka sehemu ya kuongeza. Likifanya mawimbi umeongeza zaidi ya unavyotakiwa. Hesabu stichi za raundi ya mwisho, jibu liko hapo.

Kitu kingine, ukiongeza pale pale juu ya ulipoongezea raundi iliyopita, duara linaanza kuwa na pembe nane. Wengine wanapenda. Mimi napenda iwe mviringo kweli, kwa hiyo raundi moja naacha ilivyo na raundi inayofuata nasogeza sehemu ya kuongeza iangukie katikati ya zile za chini. Mfano raundi ya 6 ambayo ni stichi nne moja moja halafu kuongeza, anza na mbili, ongeza, halafu nne na kuongeza mara saba, malizia mbili zilizobaki. Jumla ile ile 48, pembe zinapotea.

Unaacha kuongeza lini? Stichi 72 zinakupa kofia ya kama sentimita 51, inamtosha mtu wa kichwa cha 54 mpaka 56. Stichi 64, yaani unaishia raundi ya 8, ni kofia ya kama 46, ya mtoto wa kichwa cha 49 mpaka 51. Stichi 56 ni kama 40, ya mtoto mdogo wa kichwa cha 43 mpaka 45. Na mwenye kichwa kikubwa cha 60 au 61 endelea mpaka raundi ya 10, stichi 80. Kichwa kikiangukia katikati ya saizi mbili chukua ndogo kama uzi ni sufu, kwa sababu sufu ikivaliwa inalegea kidogo na kumfuata mtu.

KUSHUKA CHINI

Kuanzia hapa ni stichi moja kwa kila stichi, raundi baada ya raundi, huongezi hupunguzi. Hii ndiyo sehemu ya kupumzika, unaweza kufuma huku unasikiliza redio au unaongea na watu, ila kila baada ya raundi mbili tatu simama uhesabu, lazima ziwe 72 zile zile. Kofia itaanza yenyewe kukunja mabega na kushuka.

Kwa stichi 72 fuma raundi 13 za kushuka, jumla ya raundi zote zinakuwa 22 na kofia ina sentimita 20 kutoka utosini mpaka ukingoni. Ya stichi 64 raundi 12 za kushuka, ya 56 raundi 10, ya 80 raundi 14. Kama mvaaji yuko karibu mvalishe, ukingo ufike katikati ya paji la uso kwa mbele na pembeni uguse pale sikio linapoanza kwa juu. Usishushe mpaka sikio lifunikwe, kazi hiyo inakuja sasa hivi, ukiishusha sana mbele itakuwa inaanguka machoni.

Raundi ya mwisho ikifika stichi ya mwisho kabisa, fanya singo badala ya hafu dabo, halafu slipu kwenye stichi inayofuata (ingiza sindano, shika uzi, upitishe moja kwa moja kwenye stichi na kitanzi). Ile ngazi inayobaki kwa sababu ya kuzunguka kama konokono inapotea. Kata uzi, vuta mkia ufunge. Pale ulipomalizia ndiyo katikati ya nyuma ya kichwa.

MASIKIO YA KOFIA

Kofia za aina hii zina historia ndefu, watu wa milima ya Andes kule Peru na Bolivia wana chullo yao yenye masikio na kamba, wanaifuma kwa sufu ya alpaka na ya kondoo, na ukiiangalia vizuri utaona masikio hayako katikati sawasawa ya pembeni, yamesogea nyuma kidogo. Ndivyo kichwa cha binadamu kilivyo, kutoka sikio hadi sikio kupitia mbele ni mbali kuliko kupitia nyuma. Ukigawa kofia nusu kwa nusu ukaweka masikio katikati, yatafunika mashavu na sikio lenyewe litapigwa na upepo kwa nyuma.

Kwa stichi 72 mgawo ni huu: nyuma 16, sikio 15, mbele 26, sikio 15. Kwa 64: nyuma 14, sikio 13, mbele 24, sikio 13. Kwa 56: nyuma 12, masikio 11 kila moja, mbele 22. Kwa 80: nyuma 18, masikio 17 kila moja, mbele 28.

Shika kofia upande wa nje ukutazame, anzia pale ulipomalizia, hesabu stichi 8 ambazo ni nusu ya nyuma, unganisha uzi kwenye stichi ya 9. Fuma cheni 1 (haihesabiki kama stichi) na hafu dabo kwenye stichi hiyo hiyo, endelea mpaka ziwe 15. Geuza, cheni 1, fuma 15 tena. Sasa mstari wa 3 unaanza kupunguza, moja mwanzo na moja mwisho. Kupunguza ni hivi: zungusha uzi, ingiza kwenye stichi, toa uzi, usipitishe bado, ingiza kwenye stichi inayofuata bila kuzungusha, toa uzi, hapo una vitanzi vinne, pitisha kwenye vyote. Stichi mbili zimekuwa moja.

Mstari wa 3 unabaki na 13, wa 4 na 11, wa 5 na 9, halafu 7, 5, na mstari wa 8 unabaki na 3. Kata uzi. Hilo ni sikio la sentimita 7 hivi kwenda chini, linafunika sikio zima na kugusa taya. Kwa saizi nyingine ni utaratibu ule ule, mistari miwili ya kawaida halafu unapunguza kila mstari mpaka zibaki 3, ndogo inaisha mapema, kubwa inakwenda mstari mmoja zaidi.

Sikio la pili ruka stichi 26 za mbele, unganisha, rudia vile vile. Ukimaliza zinatakiwa zibaki stichi 8 mpaka ufike ulipoanzia. Zikibaki 7 au 9 ujue sikio moja limekaa pembeni, na itaonekana usoni kwa mvaaji, kwa hiyo rekebisha sasa hivi.

Pindo sasa. Chukua rangi ya pili, anzia nyuma, fuma singo kuzunguka kofia nzima pamoja na masikio. Kwenye ukingo ni singo moja kwa stichi moja. Pembeni ya masikio hakuna stichi za kuhesabu, ni mistari, na mistari 8 inataka singo 10 hivi, yaani mara nyingi moja kwa mstari na mara mojamoja mbili. Ncha ya sikio weka singo tatu kwenye ile stichi ya katikati ili ilale. Na pale sikio linapokutana na kofia, kwenye kona ya ndani, fuma singo mbili kwa pamoja (toa uzi kwenye stichi mbili, halafu pitisha kwenye vitanzi vyote vitatu), bila hivyo pindo linatanuka kama limechoka. Raundi moja inatosha, mbili inapendeza zaidi na inashika joto.

Ficha mikia yote ya uzi na sindano butu, pitisha upande huu halafu rudisha upande wa pili, sio mara moja tu.

KAMBA

Kamba ya kusuka ndiyo rahisi na ndiyo nzuri. Kata nyuzi 6 za mita 1 kila moja kwa sikio moja. Ingiza sindano ya kroshia kwenye ncha ya sikio, vuta hizo nyuzi mpaka katikati yake, sasa zinaning'inia 12. Gawa makundi matatu ya nyuzi nne nne, suka kama unavyosuka nywele, bana kofia kwa kitabu kizito au mtu akushikie ili uvute sawasawa. Ikifika sentimita 35 funga fundo, acha mikia kama sentimita 10, tutafungia pompomu. Kwa mtoto mkubwa kidogo 25 zinatosha. Pima kamba mbili pamoja kabla hujafunga fundo la pili, zikipishana hata sentimita mbili inaonekana.

Sasa hapa naongea kwa uzito kabisa. Kamba na mtoto mdogo haviendani. Kamba inaweza kunasa kwenye bembea, kwenye mlango, kwenye kitanda cha mtoto, ikabana shingo, na Marekani tangu 1996 wanashauri viwanda visiweke kamba shingoni na kwenye kofia za majaketi ya watoto kwa sababu watoto walishakufa kwa namna hiyo. Mtoto wa chini ya miaka mitatu mfumie kofia yenye masikio bila kamba, ikitaka kushikwa weka kikanda kifupi chenye kifungo cha kubonyeza kinachoachia kikivutwa. Na mtoto mchanga akilala ndani mvue kofia, anapata joto kupita kiasi na inaweza kumshukia puani. Pompomu za mtoto mdogo nazo zisiwe za kunyonyoka nyuzi, maana kila kitu kinaishia mdomoni.

POMPOMU

Kata duara mbili za kadibodi zenye upana wa sentimita 8, katikati toboa tundu la sentimita 3, na kata mfereji mwembamba kutoka ukingoni mpaka kwenye tundu ili uzi upite bila shida. Zibandike pamoja bila gundi, zungusha uzi kuzunguka, nenda taratibu upande hadi upande, rudi tena, rudi tena, mpaka tundu la katikati liwe limejaa karibu lote. Pompomu nyembamba inayoonyesha katikati ni kwa sababu mtu amechoka kuzungusha mapema, hapa hakuna njia ya mkato.

Sasa shika imara. Ingiza mkasi kati ya kadibodi mbili, kata ukingo wote kuzunguka huku kidole gumba kinabana katikati nyuzi zisichomoke. Chukua uzi wa kufungia, na tafadhali usitumie ule ule wa sufu, sufu ukiivuta kwa nguvu inakatika mkononi na pompomu inamwagika yote. Tumia uzi wa pamba wa nguvu au ule uzi wa kusafishia meno, huo haukatiki. Upitishe katikati ya kadibodi mbili, zungusha mara mbili, vuta mpaka uone nyuzi zinabanana na kusimama, funga fundo, zungusha upande wa pili funga tena. Ndio utoe kadibodi.

Itatoka na nywele ovyo ovyo, usiogope. Ishike juu ya mvuke wa birika kwa mbali kidogo, nyuzi zinavimba na kufunguka, halafu punguza na mkasi ukiizungusha mkononi, kidogo kidogo, mpaka iwe mpira wa sentimita 7. Ile mikia miwili ya kufungia usiikate. Ndogo za kwenye kamba kata kadibodi za sentimita 4.5 zenye tundu la 1.5, utaratibu ni ule ule, au zungusha uzi kwenye uma wa mezani, funga katikati kwenye meno ya uma, chomoa, kata pembeni. Zifunge kwenye mikia ya kamba kwa mafundo mawili, pitisha mikia ndani ya pompomu, ikate ilingane.

Ile kubwa ya juu msiishone moja kwa moja. Chukua kifungo kipana, weka ndani ya kofia pale utosini, pitisha mikia ya pompomu kwenye kofia mpaka ndani, pitisha kwenye matundu ya kifungo, funga upinde kama wa kamba za viatu. Kifungo kinazuia pompomu isivute kofia na kutoboa, na siku ya kufua unaifungua. Usiizidishe ukubwa pia, pompomu ya sentimita 10 kwenye kofia laini inaivuta nyuma na mbele inapanda, paji la uso linabaki wazi.

KAMA BARIDI NI YA KUTISHA

Kroshia hata ikazwe vipi ina matundu, upepo mkali unapita. Dawa yake ni kitambaa cha flisi, kile laini chenye vinyweleo kama cha majaketi ya baridi, kwa ndani. Sio lazima kofia nzima, kata mkanda wa upana wa sentimita 8 unaozunguka kichwa pamoja na vipande viwili vya umbo la masikio, shona kwa mkono na stichi za kulegea kidogo ili kofia iendelee kuvutika. Kata flisi upande wake unaovutika ndiyo uzunguke kichwa, ukikosea upande kofia haiingii. Flisi inasaidia pia kwa wale ambao sufu inawawasha kwenye paji la uso.

KUFUA

Sufu ya kawaida fua kwa mkono, maji ya baridi au vuguvugu na sabuni laini, loweka, bonyeza bonyeza, usisugue wala usikamue kwa kuzungusha. Joto pamoja na kusuguliwa vinazifanya nyuzi za sufu zishikane, kofia inasinyaa na hairudi tena. Kama lebo inasema sufu hiyo inaweza kufuliwa kwa mashine basi mashine inafaa, na akriliki haina shida ila iweke mbali na pasi, inayeyuka na kulegea. Kunja kofia ndani ya taulo, kanyaga au bonyeza maji yatoke, halafu ivalishe juu ya bakuli au puto lenye ukubwa wa kichwa ikauke kivulini, usiitundike kwa kamba zake maana masikio yatarefuka. Pompomu ya juu ifue peke yake, ipige pige mkononi ikiwa mbichi, ikikauka ipe mvuke tena, punguza nywele zilizojitokeza, ndipo uirudishe kwenye kifungo chake.